Bendera za Bi Mwanatumu

Tii.

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama uzi wa zeze uliokatikia mkononi mwa mpigaji. Kabla mtu hajafungua dirisha, kabla hajaona gari wala koleo wala kofia, mtaa mzima wa Bomba Mbili ulikwisha kujua kwamba kamba imekatwa. Ukafuata mlio wa pili, ule wa nguo mbichi kuanguka mchangani. Huo hauna jina, ila kila aliyewahi kufua anaujua.

Bwana Shomvi, fundi wa baiskeli, alikuwa amekaa kwenye mkeka wa msiba. Ilikuwa siku ya thelathini na moja tangu amzike mkewe. Akakisia ni kamba ya kwa mwalimu, maana mwalimu alikuwa na wanafunzi wengi na mashati mawili, na mtu wa namna hiyo lazima siku moja atashawishika kulianika moja juani. Muda si mrefu akamsikia mwalimu akisema kwa sauti ya adabu, "Asanteni, wakubwa," kwa sababu sheria ilitaka aliyekatiwa kamba ashukuru.

Nchi hiyo, msomaji, wewe huijui, na mimi siijui, ndiyo maana tunaweza kuisimulia kwa raha. Mambo yake yalianza hivi. Mheshimiwa Kiongozi alipanda helikopta ili awaone wananchi wake kutoka mahali panapofaa kuwaonea. Alipotazama chini aliona nyua zote za mji mkuu zimejaa vitu vya rangi rangi vinavyopepea. Akauliza, "Hizo bendera ni za nchi gani?"

Ndani ya helikopta walikuwemo mawaziri wanne. Kila mmoja alikuwa na mke, na kila mke alikuwa na kamba ya nguo. Lakini kujibu kwamba zile ni nguo ni kusema Mheshimiwa hajui shati. Kwa hiyo waziri mkongwe kuliko wote akakohoa kidogo, akasema, "Zinachunguzwa, Mheshimiwa."

Helikopta ilipotua, tume ilikwisha kuundwa. Juma lilipokwisha, nchi ilikuwa na Sheria ya Bendera Zisizojulikana. Kifungu cha kwanza kilisema kitu chochote cha kitambaa kilichotundikwa nje kikachezewa na upepo ni bendera, na aliyekitundika ni balozi wa nchi ya kigeni asiyekuwa na hati. Wananchi wakahamia vichakani, wakawa wanatandaza nguo juu ya michongoma. Kikaongezwa kifungu cha pili: kichaka ni mlingoti wa asili. Wakatandaza kwenye majani. Kikaja cha tatu, kikali kuliko vyote: nguo iliyolala chini ni bendera iliyoangushwa, na kuangusha bendera, hata ya adui, ni utovu wa heshima.

Basi taifa likakaushia ndani. Nguo zililala chini ya magodoro, zikaning'inia juu ya masufuria ya maharage, zikavaliwa mbichi na kukaukia mwilini njiani kwenda kazini. Watu wakaanza kukohoa. Redio ikakiita kikohozi cha uzalendo, ikawataka wakohoe kwa zamu. Wakubwa peke yao walipewa majumba yenye mashine za kukaushia, hata ukikutana na mtu barabarani shati limenyooka na halinuki, ulijua umekutana na serikali. Watu waliwaita Wakavu. Waliwaita hivyo kwa sauti ya chini.

Bi Mwanatumu, mke wa Shomvi, hakukubali kunuka uvundo. Alifua kila siku kama zamani, akavaa mbichi, akatoka nazo kwenye mvua zote za masika. Kifua kikamkamata. Hospitali ilimlaza kitandani kwenye shuka mbichi, akahudumiwa na muuguzi aliyevaa koti bichi, na siku ya sita akakata roho. Cheti kiliandikwa sababu ya kifo: kukosa subira.

*

Sasa Bomba Mbili walikuwa na desturi yao, ya tangu enzi za wazee waliochimba yale mabomba mawili. Mtu akifa, nguo zake hufuliwa na yule aliyelala naye nyumba moja, kisha huanikwa uani juani. Zikikauka, wanaompenda huja mmoja mmoja. Kila mmoja huanua nguo moja kwa mkono wake, na akiwa ameishika husema neno moja la kweli juu ya marehemu, mbele za watu. Nguo ya maiti haigawiwi kwa mkono. Huanuliwa kambani, basi. Kamba ikibaki tupu, mfiwa hukunja mkeka na maisha huendelea. Jambo hilo halivuki siku ya arobaini. Na desturi ina jambo la pili: mtu aliyeko kwenye mkeka wa msiba hasemi uongo, hata wa kumfurahisha mgeni.

Ng'ambo ya ua aliishi Bi Zuena, shoga wa marehemu kwa miaka thelathini. Wawili hao walikuwa na kamba moja. Ncha yake ilifungwa kwenye msumari wa Shomvi, ncha nyingine kwenye nondo ya dirisha la Zuena, na maneno yao yote ya dunia yalipita juu ya kamba ile. Siku sheria ilipotangazwa, kamba ilikutwa imekatwa kabla hata gari la wakata kamba halijafika. Tangu hapo wanawake wale hawakusemezana. Miezi minane. Mwanatumu akafa, na Zuena hakuja mkekani. Alikaa dirishani kwake, akatazama.

Shomvi alihesabu siku tisa zilizobaki. Akavaa viatu, akaenda Ofisi ya Bendera ya Mtaa.

*

Afisa Bendera aliitwa Ndugu Kasanzu, mtu mkavu kuanzia kola hadi soksi.

"Mzee, kaa kwenye mstari," alisema.

"Ndiyo nipo kwenye mstari, afande."

"Huo ni mstari wa wanaosubiri kupangiwa mstari. Hebu njoo, leo nina huruma. Shida?"

Shomvi akaeleza desturi, nguo, arobaini. Kasanzu alisikiliza akiwa amefumba macho, kama mtu anayesikiliza taarabu.

"Desturi nzuri sana," alisema. "Serikali inazipenda desturi. Zimetengewa siku yake mwezi wa nane. Haya, nenda kafue. Ruhusa umepata."

Shomvi akamshika mkono kwa mikono miwili. Akarudi nyumbani mbio, akatoa beseni, akatoa sabuni ya mche. Hakuwahi kufua maishani mwake hata leso. Mikono yake ilikuwa na grisi ya minyororo ya miaka arobaini, na kwenye gauni jeupe la Idi ikaacha alama za vidole vitano, wazi kabisa, kiunoni. Alisugua alama zile mpaka jua likazunguka nyumba. Hazikutoka. Alifua magauni manne, mitandio miwili, kanga jozi mbili za kila siku, shumizi, na ile kanga ya kijani aliyoipenda kuliko zote. Kabla ya kuichovya aliinusa. Alijua kwamba akiichovya, harufu ile imekwenda. Akaichovya.

Alipofunga kamba mpya msumarini, gari likasimama mlangoni.

"Mzee," Kasanzu akaita toka dirishani, "nilikuruhusu kufua. Kufua ni maji. Kuanika ni anga. Maji yako kwangu, anga iko wizarani. Ombi lako limekwisha kwenda, usiwe na wasiwasi. Kesho."

Kesho ikaja bila kibali. Keshokutwa pia. Nguo ziliketi kwenye beseni zikaanza kutoa uvundo, Shomvi akazisuuza upya. Siku ya tatu ukungu mweusi ukatokea kwenye mtandio, akafua upya. Kila akifua, rangi zilitoka kidogo zikaenda na maji mferejini, na Shomvi akawa anasimama pale kuutazama mfereji ukipita na kijani ya mkewe. Siku nane alifua. Alimfua mkewe mpaka karibu anamaliza.

Watu walimpitia kumpa pole. "Vipi, fundi, bado?" "Bado." Ng'ambo ya ua Bi Zuena alitazama.

*

Siku ya thelathini na tisa aliitwa. Kasanzu alikuwa amevaa tai.

"Wizara imeridhia kulishughulikia ombi lako," alisema. "Imebaki fomu. Nitakusomea, ujibu. Bendera hizi ni za nchi gani?"

"Afande, hizi ni nguo."

"Sijakuuliza ni nini. Nimekuuliza ni za nani."

"Za mke wangu, Mwanatumu."

"Nchi: Mwanatumu," Kasanzu aliandika. "Mipaka?"

Shomvi alifikiri. Alikuwa amekuja na kipande cha mkeka, amekikalia, na juu ya mkeka mtu hasemi uongo. "Kutoka mlango wa mbele," alisema, "mpaka bafuni."

"Nchi ndogo. Idadi ya watu?"

"Wawili. Mungu hakutujaalia watoto."

"Lugha ya taifa?"

"Tulikuwa tunagunaguna tu, afande. Tulielewana."

"Maadui?"

Shomvi aliliona akilini lile dirisha la Zuena. "Hatuna," alisema.

"Kaulimbiu?"

Hilo hakulielewa. Kasanzu akamweleza kwamba kila taifa lina maneno yake kwenye bendera. Shomvi akasema kanga ya kijani imeandikwa NIPO HAPA HAPA.

"Safi. Wimbo wa taifa utawaimbia bendi wenyewe. Swali la mwisho." Kasanzu alilainisha sauti. "Nchi hiyo ya Mwanatumu, bado ipo?"

Nje mtu alikohoa, na mwingine akampokea. Shomvi aliangalia mikono yake, ambayo kwa siku nane za sabuni ilikuwa imekuwa myeupe kama ya mtoto. Angeweza kusema lolote. Mtu mwingine yeyote katika nchi ile angesema linalofaa, maana watu walikwisha kuzoea kujibu fomu kwa kufuata sura ya anayeuliza. Lakini yeye alitoka Bomba Mbili na alikuwa msibani.

"Haipo tena," alisema.

Kasanzu aliweka kalamu chini akatabasamu kwa furaha ya kweli. "Mzee wangu, umeturahisishia. Ungesema ipo, ningelazimika kuuliza ina jeshi kiasi gani. Nchi isiyokuwepo haina tishio. Bendera zake zitashushwa kwa heshima zote za kidola, kesho saa nne."

"Zitashushwa? Hazijapanda."

"Hakiwezi kushuka kisichopanda. Zitapandishwa kwanza."

"Juani?"

"Ulitaka tuzipandishe wapi?"

Shomvi alirudi nyumbani anatembea kama kijana. Zitapanda, zitaliona jua. Mengine hakuyasikia, au aliyasikia akayaweka kando. Akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wanawake: kesho saa nne, njooni mwanue. Kwa Zuena alisimama mlangoni, akabisha.

"Shemeji, kesho," alisema.

Mlango haukufunguka, lakini nyuma yake sauti ikajibu, "Nimesikia, shemeji."

*

Asubuhi ya arobaini Bomba Mbili ilijaa Wakavu. Walileta zulia, viti vya kitambaa, bendi ya matarumbeta na Naibu Waziri. Kamba yao ilikuwa ya hariri. Askari kumi na wawili, mmoja kwa kila kitu, walipandisha nguo za Mwanatumu kwa hatua za pole pole, wakazibana kwa vibanio vya dhahabu. Gauni la Idi lilipepea na vidole vitano vya grisi kiunoni. Shumizi ilipigiwa saluti.

Wanawake wa mtaa walikuja na kanga zao za msibani, kila mmoja na neno lake moyoni. Waliwekwa nyuma ya utepe.

Naibu Waziri alisimama. "Ndugu wananchi," alisema, "taifa tukufu la Mwanatumu lilikuwa jirani mwema. Halikuwahi kutuvamia. Halikuwahi kutuomba kitu. Liliamka mapema, lilifanya kazi, na halikujulikana na mtu yeyote mpaka lilipokoma. Laiti mataifa yote yangekuwa hivyo." Akajifuta jasho kwa leso kavu. "Serikali yangu inatuma rambirambi kwa serikali ya Mwanatumu, na kwa kuwa serikali hiyo haipo, inajipokelea yenyewe."

Wakapiga makofi. Kapteni wa bendi akamjongelea Shomvi, akauliza kwa heshima, "Mzee, wimbo wa taifa lenu?"

Shomvi hakuwa mtu wa nyimbo. Lakini kulikuwa na sauti Mwanatumu aliitoa puani kila alipokamua nguo, haina maneno, inapanda mara mbili na kushuka mara moja, na miaka thelathini na miwili yeye aliisikia akiwa anaziba mipira ya baiskeli. Akamnung'unikia kapteni sikioni. Kapteni akaitikia kwa kichwa, akainua fimbo.

Matarumbeta ishirini yakaitoa. Waliipiga bila kukosea hata pumzi moja. Ile sauti ya puani, ya beseni, ya asubuhi za watu wawili, ikatoka kubwa kama nyumba, ikavuka mapaa, mbwa wakanyamaza. Bwana Shomvi, ambaye hakulia makaburini, alikaa chini kwenye zulia la serikali akalia kwa sauti. Wakavu walimtazama kwa kuridhika. Mgeni mmoja aliandika kwenye kijitabu kwamba raia wa Mwanatumu walikuwa wazalendo sana.

Dakika kumi na moja zilizoruhusiwa zilipotimia, filimbi ikapulizwa. Nguo zilikuwa bado hazijakauka. Askari wakaenda kambani.

Hapo ndipo wanawake walipoelewa. Bibi mmoja akainama akapita chini ya utepe, akanyoosha mkono kuelekea mtandio uliokuwa karibu. Askari akamzuia, kwa upole, na kitako cha bunduki.

"Mama, hii sasa ni historia. Haiguswi."

"Nina neno la kusema, baba."

"Liandike, ulipeleke ofisini."

Wale vijana kumi na wawili, ambao hakuna hata mmoja aliyepata kula chapati ya Mwanatumu wala kusuluhishwa naye ugomvi, wakamwanua Mwanatumu. Hawakusema neno. Wakakunja kila nguo pembe tatu, mbichi vile vile, wakazipakia kwenye gari lililoandikwa Ghala la Mataifa Yaliyokoma. Ndugu Kasanzu akamwachia Shomvi barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya rambirambi. Ya pili ilimjulisha kwamba, kwa kuwa nchi yake imekoma, kuanzia leo yeye ni mkimbizi, na anaombwa aombe kibali cha kuishi nyumbani kwake.

"Siku njema," alisema Kasanzu. "Binafsi nimeguswa."

*

Mtaa ukabaki na alama za viti mchangani. Wanawake walisimama kidogo, maneno yao bado vifuani, kisha wakaondoka mmoja mmoja kama watu waliofika harusini wakakuta nyumba siyo. Jua lilikuwa kali, la kukausha blanketi kwa saa moja.

Shomvi alirudi mkekani. Siku ya arobaini ilikuwa inakwisha na mkeka haujakunjika, kwa kuwa nguo hazikuanuliwa na mkono uliompenda.

Akasikia kandambili uani. Bi Zuena alikuwa anavuka. Miezi tisa na siku kumi hakuwa amekanyaga pale. Alifika, akavua kandambili, akakaa ukingoni mwa mkeka, nusu ndani nusu nje.

"Shemeji, nilikuwa na neno," alisema. "Nilitaka nilitoe na ile kanga ya kijani mkononi. Mimi bila kuishika siwezi, litanikwama."

"Najua."

"Ile kamba niliikata mimi. Hawakuniamuru. Niliwaona redioni... nilisikia redioni, nikaogopa, nikachukua kisu cha mkate. Wala hawakuwa wamefika mtaa huu."

"Najua, shemeji."

"Na yeye alijua?"

"Alijua. Koleo hukata mara moja. Ile ncha ilikuwa imechakaa kama imetafunwa."

Zuena akavuta upindo wa kanga, akaushikilia. "Alisema nini?"

Shomvi angetoa baiskeli zote za karakana yake apate uongo mmoja mzuri wa kumpa mwanamke huyu. Alipapasa mkeka chini yake, ukawa upo.

"Hakusema kitu," alijibu. "Alikaa pale kwenye kizingiti, akaishika ile ncha, akalia. Halafu kila alipofua alitazama kwako. Alikuwa anangoja uanze wewe."

Zuena alilala kifudifudi mkekani, akalia kama msiba umetokea leo. Shomvi alimwacha. Baadaye, mwanamke alipoinuka na alama za ukindu shavuni, aliuliza kwa sauti iliyokwisha kukauka, "Sasa mimi nitampelekea wapi, shemeji? Niambie. Neno langu nitalipeleka wapi?"

"Zuena," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila Bi. "Waliniuliza kama nchi ya Mwanatumu bado ipo, nikajibu haipo. Nilidhani nasema kweli. Leo nimeisikia kwenye matarumbeta, nimekuona na wewe unavuka ua. Niliwaambia uongo, tena juu ya mkeka, na uongo wa mkekani lazima urudishwe pale pale uliposemwa. Kesho nitakuwa dirishani kwao kabla hawajafungua. Wakinifukuza nitarudi keshokutwa, na siku inayofuata, na mkeka huu siukunji hata ukioza. Kanga ile wataileta, na hakuna mkono utakaoigusa kabla ya wako. Hilo nakuahidi."